Mgeni wa Siku ya Tatu: Kuandaa na Kugharamia Ufadhili wa Kimataifa wa Nyumba za Ujirani

Juni 1888, Mmarekani aitwaye Jane Addams alifika Whitechapel, mtaa wa walalahoi mashariki ya London, kuitazama nyumba iliyokuwa ikizungumzwa sana wakati ule: Toynbee Hall. Mchungaji Samuel Barnett na mkewe Henrietta walikuwa wameianzisha mwaka 1884 ili vijana waliosoma Oxford na Cambridge wahamie kwa maskini, walale hapo, waamke hapo, waache kuwatumia sadaka kwa mbali. Addams alirudi kwao na wazo hilo kichwani. Septemba 1889 yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr wakahamia jumba kuukuu katika barabara ya Halsted, Chicago, katikati ya wahamiaji wa Kiitaliano, Kijerumani na Kiyahudi. Jumba hilo ndilo Hull House.

Nani alilipa nauli ya kwenda London? Baba yake, marehemu. Alikuwa na kinu, alikuwa na hisa benki, alikuwa seneta wa jimbo la Illinois, na alimwachia binti yake urithi wa kutosha kuzunguka Ulaya. Hata Toynbee Hall yenyewe iliendeshwa kwa mpango kwamba kila anayeishi pale ajilipie chumba na chakula chake, mchana aende kazini kwake mjini, jioni afundishe au asimamie chama cha mtaa. Kwa hiyo kazi ya kuishi na maskini ilianza kama kazi ya wenye nacho. Asiye na urithi hakuwa na njia ya kuingia, mpaka watu walipoanza kuchangishana fedha za kumweka mtu pale kwa miezi kadhaa. Fedha hizo na mpango wake ndizo ninazoziita hapa ufadhili, na anayezipata nitamwita mfadhiliwa.

Nyumba zenyewe nitaziita nyumba za ujirani. Hakuna jina moja la Kiswahili ambalo wote wamekubaliana, lakini jambo lenyewe si geni: nyumba iliyo ndani ya mtaa, wafanyakazi wake wanaishi mumo humo au jirani kabisa, na kazi zake zinatokana na shida za mtaa huo. Chekechea, darasa la jioni, kliniki, ushauri wa sheria, klabu ya vijana, bafu za umma kule ambako nyumba hazina maji. Tokyo ilipata ya kwake mwaka 1897 kwa juhudi za Katayama Sen, aliyekuwa amesoma Marekani. Kingsley Hall, mashariki ya London, ndiko alikolala Mahatma Gandhi mwaka 1931 alipokwenda kwenye mazungumzo ya katiba ya India, akiikataa hoteli. Mwaka 1922 watu wa nyumba hizi kutoka nchi mbalimbali walikutana London, na katika miaka ile wakaanzisha shirikisho lao la kimataifa ambalo lipo hadi leo.

Makala hii ni kwa msomaji mwenye shirika dogo, kikundi cha mtaa au chama cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii, anayetaka kumpeleka mwenzake ng'ambo kwenye nyumba ya aina hii, au kumpokea mgeni kutoka huko. Nimeandika nikiwa na msimamo mmoja, bora niuseme mapema: fedha nyingi zitumike kwenye kukaa, kidogo iwezekanavyo kwenye safari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliukumbusha usemi huo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa. Safari nyingi zinazoitwa za kubadilishana uzoefu huishia siku ya pili. Mgeni hupokewa, hupigwa picha, huonyeshwa jengo, hupewa fulana, hupanda ndege. Jembe halionekani.

Anza na nyumba

Kosa la kawaida ni kuanza na andiko la mradi. Watu hukaa, huandika kurasa ishirini, hutafuta mfadhili, kisha ndipo huulizana mgeni atalala wapi. Nimewahi kuwa kwenye kamati ya namna hiyo. Tuligombana juu ya nembo kwa muda mrefu kuliko tulivyojadili chumba.

Anza na barua ya mwaliko kutoka kwa nyumba itakayopokea, na isiwe barua ya maneno matamu tu. Itaje chumba kiko wapi na kama kina ufunguo wake. Itaje jina la mlezi, yaani mtu mmoja wa nyumba hiyo atakayekutana na mfadhiliwa kila wiki, na naibu wake atakapokuwa likizo. Iseme kazi ya Jumatatu ya kwanza ni ipi: kupokea watoto chekechea saa moja asubuhi, kumfuata muuguzi nyumba kwa nyumba, kukaa kwenye meza ya ushauri wa wapangaji. Nyumba isiyoweza kuandika hayo haijajiandaa, na ni afadhali kujua sasa kuliko mgeni akiwa uwanja wa ndege.

Iseme pia saa za kazi. William Lyon Mackenzie King, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Kanada kwa zaidi ya miaka 21, alikwenda Chicago mwaka 1896 kwa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu na akahamia Hull House. Alikaa miezi michache tu. Masomo upande mmoja wa mji na kazi za nyumba upande mwingine havikwenda pamoja, akahama. Ikiwa mfadhiliwa wako atasoma kozi na papo hapo kuhudumia mtaa, pangeni siku za kila jambo kwa maandishi, la sivyo kimoja kitakufa, na mara nyingi kinachokufa ni mtaa.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ulitoka Cleveland, jimbo la Ohio. Henry Ollendorff alikuwa mwanasheria Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, akasomea kazi ya ustawi wa jamii huko Marekani, akaishia kuongoza muungano wa nyumba za ujirani za Cleveland. Mwaka 1954 serikali ya Marekani ilimtuma Ujerumani kufundisha wafanyakazi wa vijana. Aliona mengi ya darasani hayashiki. Mtu anahitaji kuiona kazi ikifanyika. Mwaka 1956 akaanza kuwaleta viongozi wa vijana na wafanyakazi wa ustawi wa jamii kutoka Ujerumani hadi Cleveland. Walipata mafunzo mafupi chuoni, kisha wakatawanywa kwenye nyumba za ujirani, mashirika na kambi za watoto za kiangazi, huku wakiishi majumbani mwa familia za mji huo. Baadaye miji mingine ya Marekani ikaiga, na washiriki wakatoka mabara yote.

Tazama alichofanya kimahesabu. Chumba na chakula, ambavyo ndivyo vinavyokula fedha kuliko kitu kingine, vilitoka kwa familia zilizojitolea. Kwa hiyo fedha taslimu zilizobaki kutafutwa zilikuwa chache. Tena familia ile ilimfunza mgeni mambo ambayo shirika haliwezi: jinsi watu wanavyobishana mezani, wanavyolea watoto, wanavyowasema majirani zao. Ollendorff alikuwa mkimbizi aliyewaalika wana wa nchi iliyomfukuza walale katika mji wake mpya. Hilo halihitaji maelezo yangu.

Nani aende

Aende mtu wa kazi. Mwenye miaka kadhaa mtaani, anayejulikana kwa jina na akina mama wa mtaa huo, na ambaye akirudi nafasi yake bado ipo. Dai barua ya mwajiri inayosema hivyo kwa maandishi: nafasi yake itashikiliwa, na akirudi atapewa muda wa kuwafundisha wenzake. Bila barua hiyo unamfadhili mtu kutafuta kazi nyingine, jambo ambalo si dhambi, lakini siyo ulilochangishia.

Tangazo litoke wazi, liwe na tarehe ya mwisho, na kamati iwe na angalau mtu mmoja kutoka nyumba itakayopokea. Mjumbe mwenye ndugu kati ya waombaji aseme na atoke chumbani. Usaili ufanywe kwa lugha atakayofanyia kazi, siyo kwa kumwuliza historia ya maisha bali kwa kumpa tukio: mtoto wa miaka tisa amekuja klabuni akiwa na alama za fimbo mgongoni, unafanya nini dakika kumi za kwanza? Jibu litakuonyesha zaidi ya vyeti.

Kwa kuwa kazi hizi hugusa watoto na wagonjwa, kila mfadhiliwa awe na hati ya polisi ya nchi yake. Kenya hujulikana kama cheti cha tabia njema. Tanzania hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Huchukua muda. Anzeni mapema.

Bajeti

Hapa ndipo nitakapokaa, maana ndipo wengi wanapokwama.

Gawa fedha katika mifuko mitatu: kwenda, kukaa, kurudi. Kipimo changu, ambacho ni maoni ya mtu na siyo sheria, ni kwamba mfuko wa kwenda usizidi robo ya jumla. Ukizidi, muda wa kukaa ni mfupi mno au mnapanda ndege mahali ambapo basi lingetosha. Nyumba ya Mombasa ikimpeleka mtu Kampala au Dar es Salaam kwa miezi mitano itajifunza mengi kwa gharama ambayo ingemweka London wiki sita, na raia wa Kenya, Uganda na Tanzania hawahitaji viza kuvuka mipaka hiyo. Kimataifa siyo lazima kuwe mbali.

Mfuko wa kwenda una nauli, pasipoti, viza, hati ya polisi, vipimo vya afya, kadi ya chanjo ya homa ya manjano inapotakiwa, na nguo. Nguo husahaulika kila mara. Mtu anayetoka Tanga kwenda Chicago mwezi Januari bila koti na viatu vya theluji atatumia posho yake ya mwezi wa kwanza dukani, na mwezi wa kwanza ndio unaoamua kama atatulia.

Mfuko wa kukaa una chumba, chakula, usafiri wa kila siku, simu na intaneti, fedha za mfukoni, bima, na kodi. Posho ilingane na gharama za mji anaokwenda, siyo za mji anaotoka. Muulize mfanyakazi wa ngazi ya chini wa nyumba ile anatumia kiasi gani kwa mwezi kwa nauli na chakula. Yeye hukosea mara chache kuliko tovuti za watalii. Posho ilipwe mwanzoni mwa mwezi. Kumlipa mgeni mwisho wa mwezi ni kumfanya akope kwa watu anaowahudumia.

Halafu kuna familia iliyobaki nyumbani, kifungu ambacho wafadhili wengi hukikata wakidhani ni anasa. Mama wa watoto watatu aliyeajiriwa na kikundi cha mtaa hawezi kukaa ng'ambo miezi sita ikiwa mshahara wake umesimama na ada za shule zinadaiwa. Mkikata kifungu hiki mtapata waombaji wa namna moja tu: vijana wasio na majukumu na watu wenye jamaa wa kuwabeba. Tutakuwa tumerudi kwenye Toynbee Hall ya mwanzo. Mkumbuke Florence Kelley: alifika Hull House mwaka 1891 akiwa na watoto watatu, ametoka kwa mume aliyekuwa akimpiga. Watu wa pale walimtafutia watoto mahali pa kulelewa ili yeye afanye kazi. Miaka miwili baadaye sheria ya viwanda ya Illinois ilipopita, akawa mkaguzi mkuu wa viwanda wa jimbo.

Bima isichukuliwe kwa kubahatisha. Kwa viza ya Marekani ya kubadilishana uzoefu, iitwayo J-1, kanuni zinadai bima yenye angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kwa dharura, na dola 25,000 za kurudisha maiti. Kifungu cha maiti kinatisha kukisoma kwa sauti kwenye kikao, nacho kisomwe kwa sauti. Anayekijua ni yule aliyewahi kuzungusha daftari la michango msibani ili mwili utoke ng'ambo.

Kodi nayo. Marekani, posho ya chumba na chakula anayopewa mgeni mwenye viza ya J-1 kama ufadhili huweza kukatwa asilimia 14 kabla hajaipokea. Wengine hukatwa asilimia 30, isipokuwa nchi zao ziwe na mkataba wa kodi unaowapunguzia. Uliza kabla ya kuandika kiasi cha posho kwenye barua, maana mfadhiliwa akiahidiwa dola elfu moja akashika 860 ataona ameibiwa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Mfuko wa kurudi ndio mdogo kwa fedha na mkubwa kwa maana. Weka mshahara wa mwezi mmoja au miwili baada ya kurudi, ambao hatapangiwa zamu zake za kawaida bali atajaribisha jambo moja alilojifunza. Weka na fedha kidogo za jambo lenyewe. Bila hivyo atarudi Ijumaa, Jumatatu atakuta mafaili yamejaa mezani, na yote aliyoyaona yatabaki kwenye simu yake.

Juu ya mifuko yote mitatu, tenga akiba ya dharura, asilimia 10 hivi, na iandikwe kwa jina hilo. Shilingi zetu hupanda na kushuka mbele ya dola na pauni kati ya siku ya kuandika bajeti na siku ya kulipa, na benki hukata ada pande zote mbili za uhamisho.

Mwisho, michango isiyo ya fedha iandikwe kwa thamani yake: chumba cha familia, saa za mlezi, chakula cha mchana cha nyumba. Mfadhili anapoona mtaa umeshatoa theluthi ya gharama kwa njia hiyo, humwona mtu aliyekwisha kuanza, siyo mtu anayesubiri.

Fedha zitoke wapi

Nyumba ya Halsted ilikuwa mali ya Helen Culver, ambaye baada ya muda mfupi aliacha kuitoza kodi ya pango. New York, muuguzi Lillian Wald alihamia mtaa wa wahamiaji mwaka 1893, na mwenye benki Jacob Schiff akamgharamia. Mwaka 1895 Schiff akampatia yeye na wenzake nyumba katika barabara ya Henry. Wald alimwandikia Schiff barua za mara kwa mara zenye maelezo ya kazi yenyewe. Iga hilo. Taarifa ya mwezi ya mfadhiliwa iwe kurasa mbili, iseme alichofanya, alichokosea, na anachohitaji, huku majina ya wenyeji yakifichwa.

Mtoaji mmoja mkubwa ni hatari. Akiugua, akikasirika au akibadili nia, mgeni yuko ng'ambo bila posho. Watoaji wengi wadogo wanachosha kuwafuatilia, ila hawaondoki siku moja. Sisi tunajua kazi hii kuliko tunavyodhani: watu wanaoweza kuchapisha kadi za mchango wa harusi, kuunda kamati, kuweka mhasibu na kuwakumbusha watu ahadi zao kwenye WhatsApp hadi ukumbi ukalipwa, hawakosi ujuzi wa kuchangisha. Kinachokosekana ni kuamini kwamba jambo hili nalo linastahili kadi. Jamaa walioko ughaibuni waombwe chumba kwanza, fedha baadaye. Mtanzania mwenye chumba kitupu karibu na nyumba ya ujirani ya London ana thamani kuliko mchango wake wa pauni mia.

Kwa taasisi kubwa, soma masharti kabla ya kuandika. Ruzuku za kimataifa za masomo za Rotary huanzia dola 30,000, lakini ni za shahada ya uzamili na kuendelea. Mfanyakazi wa chekechea asiye na nia ya kusoma chuo hazimhusu. Nafasi za wataalamu za Jumuiya ya Madola huko Uingereza zimekuwa zikiombwa na shirika mwenyeji, siyo na mtu binafsi, kwa hiyo ukiwa Nairobi au Kigali kazi yako ni kumshawishi mwenyeji aombe. Angalia tangazo la mwaka husika. Wakfu binafsi za Marekani haziwezi kumlipa mtu binafsi fedha za safari na mafunzo bila utaratibu wao kuidhinishwa kwanza na mamlaka ya kodi. Ndiyo maana nyingi hukataa maombi ya watu na kukubali ya mashirika. Siyo roho mbaya, ni sheria.

Fedha nyingine zikataliwe. Hull House ilipotaka kujenga makazi ya wasichana wafanyakazi, mjumbe mmoja alileta habari njema kwamba mtu yuko tayari kutoa dola 20,000. Kisha akataja jina la mtoaji. Alikuwa tajiri mwenye sifa ya kuwapunja wasichana aliowaajiri mwenyewe. Fedha zikakataliwa, na makazi yakajengwa baadaye kwa fedha za mtu mwingine. Wakati wa kupigania sheria ya viwanda, mjumbe wa wenye viwanda aliahidi Hull House dola 50,000 ikiwa wataachana na mambo hayo. Nazo zikakataliwa. Kamati yako iandike mapema, kabla njaa haijabisha hodi, ni fedha za nani haitapokea. Kwetu orodha hiyo ingeweza kuanza na kampuni inayowahamisha wakazi wa mtaa uleule bila fidia, na mwanasiasa anayetaka fulana zake zivaliwe na mgeni.

Makaratasi

Kiwango cha chini ni shirika lililosajiliwa, akaunti ya peke yake kwa ajili ya ufadhili huu, na watia saini wawili wasio ndugu. Tanzania, mashirika yasiyo ya kiserikali husimamiwa na sheria ya mwaka 2002, na kanuni za 2018 zinadai fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani. Kenya, sheria ya mashirika ya manufaa ya umma ilipitishwa 2013 lakini ilianza kutumika Mei 2024. Shirika lililosajiliwa kwa sheria ya zamani lihakikishe limehamia mpya.

Kwetu, viza au idhini ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ya kujitolea. Hili wageni wengi wanaokuja kwetu hawaliamini mpaka waone afisa uhamiaji mlangoni. Tanzania, anayejitolea kwa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na mwombaji ni shirika mwenyeji. Kenya kuna pasi maalumu kwa kazi za muda mfupi na vibali vya aina mbalimbali kwa zaidi ya hapo. Idhini ya kielektroniki ya kuingia nchini haitoshi. Na ukiwa Tanzania, mgeni apelekwe ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya utambulisho wiki ileile aliyofika. Mwenyekiti wa mtaa aliyesalimiwa mapema huokoa maswali mengi baadaye.

Kwa Marekani, shirika la kawaida haliwezi kutoa fomu ya DS-2019 inayoombewa viza ya J-1. Ni lazima lipitie kwa mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Tena, fedha za serikali zikiingia kwenye ufadhili, iwe ya Marekani au ya nchi yake, mfadhiliwa huweza kubanwa na sharti la kurudi kwao miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi au viza fulani za kazi. Mwambie kabla hajatia saini. Uingereza kuna viza ya wafanyakazi wa hisani, haizidi miezi 12, mwenyeji lazima awe na leseni ya udhamini, na mgeni haruhusiwi kulipwa zaidi ya gharama zake halisi. Maana yake barua isitaje mshahara. Neno moja lililokosewa kwenye barua limewahi kuharibu viza nyingi.

Akishafika

Wiki mbili za kwanza asipewe jukumu la peke yake. Atembee na mlezi, ajue njia, duka la nafaka, zahanati, kituo cha basi, na nani asisalimiwe kwa mkono. Mwezi wa pili huwa mbaya: ugeni umeisha, lugha bado inamgomea, nyumbani wanampigia simu wakidhani ana dola. Ndugu wakielezwa kabla ya safari kwamba posho ni ya kula tu, simu hizo hupungua. Hazikomi.

Awe na mtu wa kumlalamikia ambaye si mlezi wala mwenye nyumba anakolala. Chumba kikiwa kibaya, au mwenye nyumba akianza kumtaka afanye kazi za ndani, au mtu akimsumbua kimwili, awe na namba ya kupiga na tiketi ya kurudi isiyotegemea ridhaa ya mwenyeji. Tiketi hiyo inunuliwe tangu mwanzo, ya kwenda na kurudi, na nakala yake na ya pasipoti ibaki kwa kamati. Pasipoti yenyewe akae nayo mwenyewe. Mwenyeji anayeitaka "kuitunza" anyimwe.

Na mtaa uulizwe. Katikati ya muda, mlezi aite akina mama wa chekechea, vijana wa klabu, wazee wa ushauri, awaulize bila mgeni kuwepo: anasaidia? Anasikiliza? Tungependa abadilishe nini? Nyumba za ujirani zilijengwa juu ya dai kwamba jirani ana la kufundisha, na ufadhili usiomuuliza jirani ni utalii wenye barua ya serikali.

Ikiwa umefika hapa na unataka kuanza, usifungue akaunti leo. Andikia nyumba moja, iwe ya Kampala, Mumbai au Chicago, uwaulize mambo matatu: chumba kiko wapi, mlezi ni nani, na Jumatatu ya kwanza mgeni atafanya nini. Wakijibu yote matatu, itisheni kikao.